Kompyuta inazima kila siku saa saba mchana. Ni vumbi la Dodoma kweli au mafundi wanasingizia?

#1 Mama_Steshenari (9 Oktoba)
Habari za mchana wakuu.

Nina steshenari ndogo Nkuhungu, pembeni ya barabara ya vumbi. Lami imeishia kama mita mia mbili kabla ya kunifikia, ndiyo bahati yangu. Nina kompyuta mbili za mezani, printa na mashine ya fotokopi. Kompyuta moja, ndiyo ninayoitegemea kuchapa barua na kujazia watu fomu mtandaoni, tangu mwezi wa nane imepata tabia. Ikifika saa saba au saa nane mchana inazima pap! Hakuna onyo wala herufi kwenye skrini. Nikiwasha hapo hapo inawaka, inafika kwenye neno la siri, inazima tena. Nikiiacha nusu saa inakubali. Asubuhi na jioni haina neno.

Fundi wa kwanza akasema vumbi. Akapuliza, akachukua elfu kumi. Siku nne safi, ya tano yale yale. Fundi wa pili akasema wa kwanza hakupuliza vizuri. Elfu kumi na tano. Ikashika wiki.

Swali langu: vumbi linarudi kwa kasi hiyo, au limekuwa kama malaria enzi zile, kila homa asiyoielewa mganga anaipa jina hilo? Maana kompyuta ya pili iko hatua mbili tu kutoka hapo, inakula vumbi lile lile, haijawahi kuzima hata siku moja.

#2 Ngoja_Waje (9 Oktoba)
Ngoja waje. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu za Kibaigwa.

#3 FundiWaya_Majengo (9 Oktoba)
Vumbi ni kweli, ila wamekupulizia pasipo na ugonjwa. Ukifungua kasha unaona wekundu umetapakaa kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa ndani, macho yote yanaenda huko. Hilo la juu juu halina makali sana. Lenye kazi ni lile lililojibana kati ya feni ya prosesa (ule ubongo wa kompyuta) na mapezi ya alumini yaliyo chini yake, yaani hitisinki. Hewa inasukumwa pale mchana kutwa, vumbi linashikana na nyuzi za nguo na nywele, linakuwa kama sufi ya mto. Ukipuliza kwa juu, kile kiblanketi kinasogea tu, kinalala vizuri zaidi. Lazima uvue feni, uking'oe kwa mkono au kwa brashi ya rangi iliyo kavu, ndipo upulize.

La pili ni ile pesti ya kijivu inayopakwa juu ya prosesa. Chuma na chuma hata vikibanwa vipi vinabakiza mianya midogo ya hewa katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Pesti inaziba hiyo mianya. Ikikaa miaka inakauka na kupasuka kama mbuga ya Bahi mwezi huu. Kompyuta yako ni mpya au ya mtumba?

#4 Mama_Steshenari (9 Oktoba)
Ya mtumba kaka, zote mbili. Hii mbovu ndiyo ya zamani.

#5 Kijana_wa_Ilazo (9 Oktoba)
Kama ya Mtumba, kule Mji wa Serikali, basi ni ya serikali, irudishe ofisini kwao 😂

#6 FundiWaya_Majengo (9 Oktoba)
#5 wewe kalale. Mama, mwambie fundi atakayefuata abadilishe pesti. Apake kiasi cha punje ya maharage, asimwage kama mlenda. Ya zamani aifute kwanza kwa spiriti.

#7 Bi_Kitambaa (9 Oktoba)
Mimi CPU yangu nimeifumia kitambaa cha uzi mweupe, juu mpaka pembeni, nimeacha kitufe cha kuwashia tu. Toka 2019 haijaingia vumbi wala haijazima. Jamani tujifunze kufunika vitu.

#8 Kijana_wa_Ilazo (9 Oktoba)
Bibi, na ikiwa imewaka unaifunika?

#9 Bi_Kitambaa (9 Oktoba)
Bibi ni yako. Ndiyo, muda wote.

#10 Msahihishaji (9 Oktoba)
Kwanza tuwekane sawa. Hilo boksi si CPU. CPU ni prosesa, kidude kinachoenea kiganjani. Boksi ni kasha. Watanzania tumekosea tangu kompyuta ya kwanza ilipoingia nchini.

Pili, kufunika wakati imezimwa ni vizuri sana, nami nafanya hivyo. Kufunika ikiwa imewaka ni kumvalisha mtu koti la baridi halafu umwambie akimbie. Joto linatakiwa litoke nyuma.

#11 Bi_Kitambaa (9 Oktoba)
Lakini yangu haizimi. Ya kwake haijafunikwa na inazima. Nani anatakiwa kumfundisha mwenzake hapo?

#12 Ngoja_Waje (9 Oktoba)
😂😂 Karanga zimenipalia.

#13 MwalimuJiografia (10 Oktoba)
Mbukwenyi. Mmekimbilia vumbi mkasahau hewa yenyewe. Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takriban asilimia kumi. Feni ikizunguka kwa kasi ile ile inasukuma hewa pungufu kwa uzito, kwa hiyo inabeba joto pungufu. Halafu angalieni kalenda. Sisi tuko karibu nyuzi 6 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa. Simama nje saa sita na nusu, hutakiona kivuli chako. Duka la mama bila shaka ni la bati. Je, lina dari?

#14 Mama_Steshenari (10 Oktoba)
Halina mwalimu. Bati tupu, na mbao zake ukizitazama zinakutazama.

#15 Mnyalukolo_Mjini (10 Oktoba)
Mwalimu, kama ni mwinuko, basi Mbeya kompyuta zingekuwa zinawaka moto. Wako kama mita 1,700.

#16 MwalimuJiografia (10 Oktoba)
Mbeya kuna baridi mtani. Hewa nyepesi lakini ya baridi inasamehe. Huku nyepesi na ya moto.

#17 Mnyalukolo_Mjini (10 Oktoba)
Sawa, na ile kompyuta yake ya pili iko mwinuko gani? Ipo ghorofani?

#18 Stima_Changombe (10 Oktoba)
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Saa saba, saa nane mchana, kila siku. Mama, hapo jirani hakuna fundi wa kuchomelea mageti?

#19 Mama_Steshenari (10 Oktoba)
Mungu wangu. Yupo! Duka la tatu kutoka kwangu.

#20 Stima_Changombe (10 Oktoba)
Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi. Mashine ya kuchomelea ikianza kuvuta kwenye laini moja na wewe, taa zinafifia, volti zinashuka. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, ikichoka haivumilii, inakata. Nunua stebilaiza ya kutuliza volti, uachane na wauza vumbi.

#21 Mama_Steshenari (10 Oktoba)
Ila kaka huyu wa mageti yupo hapa mwaka wa tatu, na anaanza kuchomelea saa mbili asubuhi. Tena Jumapili hafungui, na Jumapili iliyopita mashine ilizima.

#22 Stima_Changombe (10 Oktoba)
Pawasaplai inachoka pole pole, mwaka wa tatu ndio huo. Jumapili sijui, labda alikuwa na kazi ya siri.

#23 Mkufunzi_Manyoni (11 Oktoba)
Nisimulie yangu. Nilisimamia chumba cha kompyuta kwenye sekondari moja pande za Manyoni, mashine ishirini za msaada. Sheria ilikuwa moja mlangoni: vua viatu. Wanafunzi wanavua, viatu vinapangwa foleni mpaka kwenye korido. Miaka miwili mashine saba zilikufa kwa joto. Nilipozifungua, vumbi lilikuwa mle mle. Nikajiuliza limepita wapi na miguu yote ilikuwa mitupu.

Jibu nililipata siku niliyowahi kazini. Saa kumi na mbili na nusu, wanafunzi wa zamu wanafagia kwa fagio la chelewa, sakafu kavu, madirisha yamefungwa ili "vumbi lisiingie", vumbi limesimama chumbani kama ukungu. Saa moja na nusu kipindi cha kwanza, mashine ishirini zinawashwa zote kwa pamoja, kila moja na feni yake, zinalivuta lile vumbi lililo hewani kama mashine ishirini za kusafishia hewa. Sisi wenyewe tulikuwa tunazilisha. Nikapiga marufuku fagio mle ndani, tukawa tunadeki kwa tambara la maji, na mashine zinawashwa saa moja baadaye. Viatu nikawaruhusu wavae, maana soksi zilikuwa na mambo yake.

Mama, nani anafagia mbele ya duka lako, na saa ngapi?

#24 Shemeji_Nzuguni (11 Oktoba)
#23 umemaliza. Soksi za kidato cha pili ndizo zilizoua zile saba.

#25 Mama_Steshenari (11 Oktoba)
Nafagia mwenyewe saa moja, na kompyuta nakuwa nimeshaziwasha ili zijiandae. Nimejiona kabisa nikifanya. Na malori ya mchanga nayo yanapita, tukibahatika boza linamwaga maji barabarani, tusipobahatika tunakula wali wa vumbi. Kesho naanza kudeki.

#26 Mzee_wa_Mkonze (11 Oktoba)
Vijana mnalilaumu fagio. Vumbi hili lina historia. Mwaka 1973 chama kilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mwaka huo huo ulianza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa sababu ardhi ilikuwa inakwisha. Kule Kondoa makorongo yalikuwa yanameza ng'ombe wazimawazima. Mwaka 1979 mifugo ikahamishwa kwenye maeneo yaliyoharibika sana, watu walilia, lakini majani yakarudi. Ukiondoa majani na miti, upepo wa Agosti mpaka Oktoba hauna wa kuuzuia. Kwa hiyo panda miti mbele ya duka, mwanangu. Miarobaini miwili.

#27 Kijana_wa_Ilazo (11 Oktoba)
Shikamoo mzee. Sasa mama akipanda mwarobaini leo, kompyuta itaacha kuzima mwaka gani?

#28 Mzee_wa_Mkonze (11 Oktoba)
Marahaba. Mwarobaini unakua haraka kuliko akili yako.

#29 Ngoja_Waje (11 Oktoba)
Kijana wa Ilazo apewe maji.

#30 Mchumi_Area_C (12 Oktoba)
Mzee nakupa heshima yako, ila tangu serikali ihamie kwa nguvu 2016 lami imeongezeka sana mjini. Vumbi limepungua, tuseme ukweli.

#31 Mama_Steshenari (12 Oktoba)
Njoo Nkuhungu usemee huku.

#32 FundiWaya_Majengo (12 Oktoba)
Turudi kwenye mada. Mama, pakua HWMonitor, ni bure, inasoma joto la prosesa. Andika asubuhi, saa sita, na dakika za mwisho kabla haijazima. Bila namba tutabishana mpaka Krismasi. Prosesa nyingi za Intel zikikaribia nyuzi 100 zinaanza kujipunguza kasi zenyewe, zikizidi hapo zinajizima kujiokoa.

#33 Mama_Steshenari (14 Oktoba)
Namba hizi hapa, jana na leo zinalingana. Asubuhi 58. Saa sita 81. Saa saba na dakika ishirini 97, nikiwa bado naandika kwenye daftari, ikazima. Ile nzima saa hiyo hiyo ilikuwa 62.

#34 FundiWaya_Majengo (14 Oktoba)
Haya. Hilo ni joto, si umeme. Stima, pole.

#35 Stima_Changombe (14 Oktoba)
Subiri kwanza.

#36 Dereva_wa_Singida (15 Oktoba)
Msipeleke gereji kupuliza. Mimi nilipeleka laptopu kwa jamaa wa matairi, akaweka ile kompresa. Feni ilizunguka ikalia kama helikopta, vumbi likatoka wingu zima, tukashangilia. Nilipowasha nyumbani, feni haizunguki tena. Imekwenda na vumbi lake.

#37 Msahihishaji (15 Oktoba)
Feni unaishikilia kwa kidole au unaichomekea kijiti, isizunguke. Hewa ya kompresa inaizungusha kupita kasi iliyotengenezewa, beringi inakufa. Tena feni inayozungushwa inaweza kuzalisha umeme kidogo ukarudi kwenye madabodi. Na tangi la kompresa huwa lina maji chini. Usipoyamwaga kwanza unapulizia vumbi na mvua kwa pamoja.

#38 Dereva_wa_Singida (15 Oktoba)
Ungenifikia mapema kidogo.

#39 Shemeji_Nzuguni (15 Oktoba)
Mimi yangu nilifungua nikakuta familia ya mende imehamia kwenye feni. Wanapenda joto. Sikupuliza, niliwaomba wahame.

#40 Mkufunzi_Manyoni (15 Oktoba)
Nyongeza: wale wa kuziba matundu kwa chandarua, matundu yake ni makubwa, vumbi letu linapita kama mtu anayepita mlango wa kanisa. Stokingi ya kike inachuja vizuri, niliwahi kuifunga mbele kwenye tundu la kuvutia hewa. Lakini baada ya wiki inajaa, inakuwa ndiyo kiblanketi chenyewe. Ukiiweka uioshe kila Jumamosi, vinginevyo usiiweke kabisa.

#41 Bi_Kitambaa (15 Oktoba)
Kumbe na nyinyi mnafunika.

#42 Msahihishaji (15 Oktoba)
Bi Kitambaa, samahani nikuulize. Kwa siku unaitumia saa ngapi?

#43 Bi_Kitambaa (15 Oktoba)
Jioni nikitoka kazini, nusu saa hivi, naangalia picha za wajukuu.

#44 Msahihishaji (15 Oktoba)
Asante. Sina swali lingine.

#45 Mama_Steshenari (23 Oktoba)
Mrejesho. Nimempata fundi wa tatu, kijana anasoma pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilisimama juu yake kama askari. Alivua feni ya prosesa, na kweli kilitoka kitu kizima kama kipande cha godoro, chekundu. Pesti ilikuwa imekauka, inabanduka kama rangi ya ukuta. Kafuta kwa spiriti, kapaka punje ya maharage (nilimwonyesha #6). Kasha tumelitoa sakafuni tukaliweka juu ya meza. Elfu ishirini. Namba sasa: asubuhi 47, saa saba 66. Imefanya kazi siku sita bila kuzima.

#46 FundiWaya_Majengo (23 Oktoba)
Uzi ufungwe.

#47 Mama_Steshenari (24 Oktoba)
Usifungwe. Leo saa saba na nusu imezima. Joto lilikuwa 68.

#48 Stima_Changombe (24 Oktoba)
NILISEMA SUBIRI KWANZA. Nyuzi 68 hakuna prosesa inayozima. Hiyo ni pawasaplai.

#49 FundiWaya_Majengo (24 Oktoba)
Inawezekana pawasaplai, lakini si kwa sababu ya mageti. Pawasaplai nayo ina feni yake na vumbi lake, na HWMonitor haisomi joto la mle ndani. Kwenye makasha mengi ya zamani imekaa juu, inavuta hewa ya moto ya prosesa na kuitoa nje. Miezi yote iliyopita ilikuwa inavuta hewa iliyotoka kwenye prosesa ya nyuzi tisini, kapasita zake, vile vidude vinavyotunza umeme, zimepikwa. Kwa hiyo bado mzizi ni vumbi.

#50 Stima_Changombe (24 Oktoba)
Ukikataliwa unahamia nyumba ya jirani. Sawa.

#51 Msahihishaji (24 Oktoba)
Mama, tafadhali usimruhusu mtu aifungue hiyo pawasaplai mezani kwako ili "aipulize". Kapasita zake zinabaki na umeme hata ukichomoa waya. Inabadilishwa nzima.

#52 MwalimuJiografia (25 Oktoba)
Na bati bado halina dari. Nakumbusha tu.

#53 Mnyalukolo_Mjini (25 Oktoba)
Jaribio la bure kabla hujanunua chochote: badilisha nafasi. Mbovu ikae pa nzima, nzima ikae pa mbovu, na kila moja ichomekwe soketi ya mwenzake. Ugonjwa ukifuata mashine, ni mashine. Ukibaki pale pale, ni mahali.

#54 Ngoja_Waje (25 Oktoba)
Kumbe huku kuna watu wana akili na walikuwa wamekaa kimya wiki mbili.

#55 Mama_Steshenari (26 Oktoba)
Nimebadilisha leo. Mbovu sasa iko upande wa ukuta wa ndani. Nzima iko pale dirishani, upande wa barabara. Ile meza ya dirishani ipo chini ya bati lenye tundu la msumari, jua linaingia kama tochi. Hilo sikuwahi kulisema kwa sababu sikuwahi kulifikiria.

#56 MwalimuJiografia (26 Oktoba)
Utosini kabisa, kwenye mwezi wa kumi. Nimekaa kimya.

#57 Mama_Steshenari (16 Novemba)
Wiki tatu. Hakuna iliyozima. Nadeki badala ya kufagia, nawasha saa mbili. Wa mageti bado anachomelea. Pawasaplai sijabadilisha, hela hakuna.

#58 FundiWaya_Majengo (16 Novemba)
Ni pesti na lile godoro. Ile ya tarehe 24 ilikuwa bahati mbaya.

#59 Stima_Changombe (16 Novemba)
Ni soketi. Ya dirishani ina waya uliolegea, ndiyo maana ukihamisha imepona.

#60 Mkufunzi_Manyoni (16 Novemba)
Ni fagio.

#61 Mnyalukolo_Mjini (16 Novemba)
Umebadilisha vitu vitano kwa mpigo mama, hakuna atakayejua. Ila biashara inaenda, hongera.

#62 Mzee_wa_Mkonze (16 Novemba)
Miarobaini umepanda?

#63 Mama_Steshenari (16 Novemba)
Mmoja, mzee. Mbuzi wa jirani ameuonja.

#64 Mchumi_Area_C (2 Desemba)
Mvua imeanza huku Area C, vumbi kwaheri mpaka Mei. Uzi wa mwakani tutaufungua tena hapa hapa.

#65 Msahihishaji (2 Desemba)
Hapo hapo ndipo pa kuangalia. Vumbi kavu halipitishi umeme kirahisi. Likinyonya unyevu wa mvua za kwanza, likiwa na chumvichumvi ndani yake, linaweza kuanza kupitisha. Kila Desemba naletewa mashine ambazo zilivuka kiangazi chote zikiwa nzima.

#66 Mama_Steshenari (4 Desemba)
Jana mvua imenyesha Nkuhungu, tumeshukuru. Leo saa tatu asubuhi, kibaridi kabisa, joto 44, imezima.

#67 FundiWaya_Majengo (4 Desemba)
Ile ya zamani? Nilisema ubadilishe pawasaplai.

#68 Stima_Changombe (4 Desemba)
Mimi ndiye niliyesema pawasaplai.

#69 Mama_Steshenari (4 Desemba)
Hapana. Ile nzima.

#70 MwalimuJiografia (4 Desemba)
Mama, lile tundu la msumari uliliziba?